Mama Anayeishi na VVU na Familia Yake, Mtwara na Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mama mwenyewe, dada yake, mumewe, mjomba anayesikilizwa ukoo mzima, na yeyote anayetaka kuanzisha kikundi cha kusaidiana. Tumeyaandika kwa kuangalia mambo ya huku kusini. Kinachomkwamisha mama wa Newala au Liwale sicho kinachomkwamisha mwenzake wa Dar es Salaam: huku kuna msimu wa korosho, kuna dago, yaani kambi za wavuvi, kuna jando na unyago, na kuna barabara inayokatika mvua zikizidi. Dozi ya mtu mmoja mmoja hupangwa na kliniki yake.

Nimepimwa leo, nimekutwa na VVU. Naanzia wapi?

Anza dawa, leo leo ikiwezekana. Tangu Oktoba 2016 kila anayekutwa na VVU nchini huanzishiwa dawa bila kungoja kinga ishuke. Kinachoweza kuchelewesha ni dalili za kifua kikuu au za homa ya uti wa mgongo: kikohozi kisichokoma, jasho la usiku, kichwa kuuma kupita kiasi, shingo kukakamaa. Ukiwa nazo, zitaje, kwa kuwa huchunguzwa kwanza.

Utapewa kadi ya CTC1, yaani kadi ya kliniki ya tiba na matunzo (CTC), yenye namba yako. Namba ina thamani kuliko kadi. Inakili mahali unapopajua wewe peke yako, hata nyuma ya daftari kuukuu.

Habari ya kuwaambia watu, subiri kidogo. Wiki ya kwanza wengi huropoka kwa uchungu, wakamwambia jirani aliyepita tu mlangoni, na neno likishatoka halirudi kinywani. Tafuta mtu mmoja aliyewahi kukutunzia siri nyingine. Kama hakuna, muulize nesi kama kituo kina mama kinara, yaani mama anayeishi na VVU aliyefundishwa kuwashika mkono wenzake.

Dawa inamezwaje, na makosa gani hujirudia?

Kwa watu wazima walio wengi ni kidonge kimoja kwa siku, chenye dawa tatu ndani: tenofoviri miligramu 300, lamivudini 300 na dolutegraviri 50. Kopo huandikwa TLD. Kinamezwa na chakula au bila chakula, muda ule ule kila siku. Kikikunyima usingizi, kihamishie asubuhi.

Kosa kubwa kwa wajawazito ni kukimeza sambamba na vidonge vya kuongeza damu tumbo likiwa tupu. Madini ya chuma huishika dolutegraviri humo tumboni ikapita bila kuingia mwilini ya kutosha. Kalisi nayo hufanya hivyo hivyo. Ama meza vyote pamoja na chakula, ama TLD itangulie kwa saa 2 au ifuate baada ya saa 6. Njia isiyochanganya ni TLD asubuhi na vidonge vya damu usiku. Dawa za kiungulia zitenganishe na TLD kwa saa hizo hizo hata kama umekula.

Ukisahau, meza unapokumbuka. Kama umebaki muda usiozidi saa 4 kufikia dozi inayofuata, iache iliyopita. Usimeze viwili kufidia.

Ukianzishiwa dawa za kifua kikuu, mwambie daktari unatumia TLD. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hupunguza nguvu ya dolutegraviri, kwa hiyo huongezwa kidonge kingine cha miligramu 50, kimezwe saa 12 baada ya kile cha kwanza.

Mwezi wa Ramadhani je?

Hauna shida kwa kidonge cha mara moja kwa siku. Chagua futari au daku na ubaki hapo hapo mwezi mzima. Tunapendelea futari, maana daku watu hupitiwa na usingizi. Mjamzito, anayenyonyesha na mgonjwa wana ruhusa yao katika dini. Azungumze na daktari na shehe anayemwamini.

Kopo linalia nikilitikisa, na nyumba ni ya vyumba viwili. Nifiche vipi?

Usihamishie vidonge kwenye nailoni au karatasi. Ndani ya kopo mna kijipakiti cha kunyonya unyevu. Kidonge kikikaa nje kwenye hewa ya pwani hulowa, hubadilika rangi na kumeguka. Weka pamba kavu juu ya vidonge, kopo halitalia. Bandua karatasi ya nje ukipenda, lakini kwanza nakili jina la dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Joto ndilo adui wa pili. Dawa inatakiwa isizidi nyuzi 30, na chini ya bati mchana wa Novemba ni tanuri. Iweke chini, mbali na jiko na dirisha, ndani ya sanduku la nguo au kwenye chungu kikavu kisichotumika. Juu ya kenchi si mahali pake.

Nimwambie mume wangu? Lini, na kwa maneno gani?

Mwishowe ndiyo, kwa sababu dawa inayofichwa ndani ya nyumba moja hurukwa siku nyingi, na kwa sababu naye anahitaji kupimwa. Ila namna ya kumwambia ndiyo yote.

Njia yenye heri ni kupima wote wawili kana kwamba hujapima. Kliniki ya wajawazito hupenda wenza waje pamoja, hivyo mwaliko hauna harufu mbaya: "Baba Zaituni, kliniki wanataka tupimwe wote kabla mtoto hajazaliwa. Jumanne twende, tutawahi kurudi." Mweleze nesi mapema, faragha, kwamba majibu yako unayajua. Mkipimwa pamoja majibu husomwa na mtoa huduma, na swali la "nani kaleta" hupata mtu wa kulijibu: kipimo hakionyeshi aliyetangulia kuambukizwa. Mara nyingi mke hujulikana kwanza kwa sababu tu mimba ndiyo iliyompeleka kliniki.

Usiseme usiku, usiseme akiwa amekunywa, wala siku malipo ya korosho yalipoingia na nyumba imejaa wageni. Kama amewahi kukupiga, usimwambie mkiwa wawili peke yenu. Huku kwetu Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba bado ana kauli. Mjomba mtulivu au somo aliyekulea unyagoni akiwepo nyumba ya pili, akijua kuna mazungumzo mazito bila lazima ya kujua yanahusu nini, huwa kinga tosha. Mjomba mropokaji mwache shambani kwake.

Akikutwa hana VVU, ndoa haijavunjika. Kuna kondomu, na kuna dawa kinga ya PrEP ambayo yeye huimeza hadi virusi vyako vitakapofubazwa. Akikataa kwenda kituoni, omba kipimo cha kujipima mwenyewe kwa kupangusa fizi. Husomwa baada ya dakika 20, kisipite 40. Kikionyesha mistari miwili hilo bado si jibu la mwisho, lazima likathibitishwe kituoni.

Sheria inasemaje kuhusu siri yangu?

Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumpima mtu kwa lazima, isipokuwa katika hali chache kama amri ya mahakama. Inawafunga midomo wanaojua majibu yako kwa sababu ya kazi zao, na inakataza ubaguzi kazini na kwenye huduma. Sheria hiyo hiyo inakutaka wewe umjulishe mwenza wako, na kumwambukiza mtu kwa makusudi ni kosa la jinai. Tangu marekebisho ya 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kuomba kipimo bila idhini ya mzazi.

Ukifukuzwa nyumba ya kupanga au kazini, anza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au msaidizi wa kisheria wa karibu. Msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo ni bure kwa sheria ya mwaka 2017. Nenda na tarehe, majina ya waliosikia na maneno yaliyosemwa, yameandikwa siku ile ile.

Nina mimba. Nitajifungulia kwa mama yangu, wilaya nyingine. Nijiandae vipi?

Hapa ndipo akina mama wengi hupotea. Mwanzoni mwa mwezi wa 8 wa mimba omba barua ya uhamisho wa muda, dawa za kutosha hadi arobaini iishe, na dawa ya mtoto mkononi kama kituo kinaruhusu. Ukifika kwa mama, jitambulishe zahanati ya pale kabla uchungu haujaanza, siyo baada.

Jifungulie kituoni. Mtoto akizaliwa njiani au nyumbani, apelekwe ndani ya saa 72, na kila saa inayookolewa ni faida. Dawa ni maji ya nevirapini, mara moja kwa siku kwa wiki 6. Mtoto wa kilo 2.5 na zaidi hupewa mililita 1.5, wa kilo 2 hadi chini ya 2.5 hupewa mililita 1. Tumia bomba walilokupa, usipimie kijiko cha chai, na hakikisha aliyekufundisha amekuona ukivuta hadi alama yenyewe. Makosa tunayoyakuta ni kusoma 1.5 kama 5, na bibi kumpa mtoto dozi ya pili kwa kudhani ya kwanza imesahaulika. Mtoto apewe na mtu mmoja tu, saa ile ile kila siku. Kama mama alichelewa kuanza dawa au virusi vyake viko juu, mtoto hupewa dawa mbili, na muda hufika wiki 12.

Arobaini isikutie hofu. Miadi ya wiki 6 ni siku ya 42, kwa hiyo mila na kliniki hazigombani. Inayogombana na arobaini ni miadi ya siku ya 7. Hiyo mwambie mama mapema kwamba kitovu kinakaguliwa, atakuruhusu.

Ninyonyeshe au nisinyonyeshe?

Nyonyesha, ukiwa unameza dawa bila kuruka. Miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama peke yake: bila maji, bila uji mwepesi, bila dawa ya chango. Dawa zilizoandikwa kliniki haziharibu kitu. Baada ya hapo anza chakula na endelea kunyonyesha hadi mwaka mmoja, au miwili ukiweza.

Kinachodhuru ni kuchanganya katika miezi ile 6. Maji na uji huchubua utumbo ambao bado mchanga, na virusi hupata pa kupenya. Tatizo halisi ni bibi, ambaye kwake mtoto anayelia ana kiu. Usibishane naye kwa habari ya VVU. Mwambie nesi amekataza mtoto yeyote kupewa maji kabla ya miezi 6, jambo ambalo ni kweli kwa kila mtoto nchini. Ziwa likivimba, likichanika au likitoa usaha, kamua na kumwaga la upande huo, nyonyesha la pili, na uende kituoni siku hiyo hiyo.

Mtoto atapimwa lini?

Wiki ya 6, miezi 9, kisha wiki 6 baada ya kuacha kunyonya. Na kipimo cha kufunga hesabu akiwa ametimiza angalau miezi 18. Walio kwenye hatari kubwa hupimwa pia wanapozaliwa. Matone ya damu ya kisigino huwekwa kwenye karatasi maalumu. Kipimo cha haraka cha watu wazima hakifai kwa mchanga, maana husoma kingamwili alizorithi kwa mama. Kuanzia wiki 6 hupewa septrini, dawa ya kuzuia magonjwa nyemelezi, kila siku hadi ithibitike hana VVU.

Majibu yasipokuja baada ya mwezi, yafuate. Mtoto aliyeambukizwa hawezi kungoja karatasi: bila dawa, karibu nusu ya watoto hao hufa kabla ya kutimiza miaka 2.

Jambo moja husahaulika hata na watoa huduma. Mama hupata dawa zake kliniki ya mama na mtoto, kisha mtoto akifikisha umri hurudishwa CTC. Jengo tofauti, siku tofauti, sura tofauti, na pale katikati wengi huanguka. Omba usindikizwe mguu kwa mguu siku ya kuhamishwa, hata kama ni mita 50.

Kipimo cha wingi wa virusi kinaniambia nini?

Kinakuambia kama dawa inafanya kazi. Chini ya nakala 50 katika mililita ya damu, virusi havionekani, na mtu aliyefikia na kudumu hapo hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Kati ya 50 na 999 bado kuna kazi. Kuanzia 1,000 utaitwa kwenye vikao vya ushauri kwa miezi 3, kisha upimwe tena kabla ya kubadilishiwa dawa. Kipimo cha kwanza ni miezi 6 baada ya kuanza, kingine ukitimiza mwaka, halafu kila mwaka. Mjamzito na anayenyonyesha hupimwa mara nyingi zaidi.

Damu ikichukuliwa, andika tarehe. Ukirudi uliza namba yenyewe, usikubali kuambiwa "uko vizuri" tu.

Tunahamia shambani msimu wa korosho. Mume yuko dago. Dawa tutazipataje?

Korosho huokotwa kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba, Januari kwa wengine, na familia huhamia mashambani ambako zahanati iko mwendo wa nusu siku. Miadi ya Novemba ndiyo hukosekana kuliko zote. Kwa hiyo msimu upangwe Agosti. Aliyetulia kwenye dawa hupewa za miezi 3 au 6. Mwambie mtoa huduma tarehe utakayoondoka na utakayorudi, ahesabu kwa kuzingatia hizo na aongeze za wiki mbili. Wa ufuta wafanye hivyo hivyo kabla ya Mei.

Wavuvi wa Kilwa na Msimbati wanaohama na samaki wabebe kadi na kopo kwenye ndoo yenye mfuniko wa kukaza, siyo mfuko wa suruali. Anayekwenda Msumbiji achukue barua na dawa za kuvuka muda wote wa safari. Kidonge cha TLD kinatumika ng'ambo ya Ruvuma pia, ila foleni na lugha ya pale si za kwenda kujifunzia ukiwa umeishiwa.

Akiba ya wiki mbili haina mjadala. Mei 2024 mafuriko yaliyoambatana na Kimbunga Hidaya yalikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga, Kilwa.

Niliacha dawa miezi kadhaa. Naogopa kugombezwa nikirudi.

Rudi. Utaulizwa lini uliacha na kwa nini, utapimwa kinga na kifua kikuu, utaanzishiwa tena. Vituoni wanaoacha huitwa "watoro", neno tusilolipenda, kama vile mtu mzima ni mwanafunzi. Ukiwa na wasiwasi nenda na mama kinara, au uhamie kituo kingine. Ni haki yako. Usimeze dawa za mwenzako ukingoja siku nzuri ya kwenda.

Tunataka kuanzisha kikundi. Tuanze vipi?

Anzeni na watu 5 mnaoaminiana, msizidi 15. Kikizidi hapo siri hailindiki. Chagueni jina lisilosema kitu: la mti, la mtaa, la kazi mnayofanya. "Tumaini Jipya" mtaa mzima unajua ni nini. Kukutana kwenu kuwe na shughuli inayoonekana, kama kubangua korosho, kusuka ukili au kuweka akiba, na mtu akiuliza, hilo ndilo jibu. Kikao kifanyike siku ya miadi ya wengi, ili nauli moja ifanye kazi mbili, lakini kisifanyike kwenye benchi la CTC.

Kanuni ya kwanza: anayoyasema mtu hapa hayatoki hapa, hata kwa mume. Ya pili: hakuna picha. Mfadhili au mgeni akitaka picha, apige mikono ikibangua. Ya tatu inahusu simu. Kundi la WhatsApp liwe na jina la kawaida na ujumbe usitaje dawa. "Kesho kikao cha akiba, njoo na daftari" mtu aelewe ni miadi. Simu huku huazimwa na kila mtu.

Kikundi cha wenye VVU peke yao kina uhuru wa kusema. Cha mchanganyiko kina kivuli cha kujificha. Sisi tunaona bora kuwa na vyote viwili: watu wachache wa kuzungumza, ndani ya kikundi kikubwa cha akiba ambacho hakijui lolote.

Jitambulisheni kwa Konga ya halmashauri yenu, ambayo ni mtandao wa watu wanaoishi na VVU chini ya baraza lao la taifa, NACOPHA, na kwa mratibu wa UKIMWI wa halmashauri. Msijenge juu ya posho. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, kazi nyingi za wahudumu wa jamii waliokuwa wakilipwa na miradi zilisimama mara moja. Kikundi kinachokaa mtaa mmoja kilikuwa bado kinaweza kugonga mlango.

Anayemtembelea mama nyumbani afanye nini hasa?

Aende kama shoga au ndugu: kanga, bila fulana ya mradi, bila pikipiki yenye nembo, bila daftari mkononi. Wakubaliane kabla ya siku hiyo yeye ni nani watu wakiuliza.

Mkiwa peke yenu, hesabuni vidonge. Kama alipewa 90 na zimepita siku 40, vinatakiwa kubaki 50. Vikibaki 58, siku 8 zimerukwa. Usiseme "unaruka dawa". Uliza: "Dada, siku gani huwa ngumu?" Mara nyingi utasikia mambo ya njaa, safari, mawifi waliokuja kukaa wiki, au maji. Makonde Plateau mama anayeamka saa 9 usiku kufuata maji ameshasahau kidonge cha saa 12 asubuhi. Suluhisho ni kuhamishia dawa saa 2 usiku, siyo kumpa somo la ufuasi.

Tazama pia watoto: nani hajapimwa, nani anakohoa, nani amekonda. Homa kali, kupumua kwa shida, kutapika kila kitu au kuchanganyikiwa ni safari ya hospitali siku hiyo. Walio mbali na hospitali za Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao au Mkomaindo wawe na dereva wa bodaboda waliyeongea naye mapema na nauli iliyowekwa kwenye mfuko wa kikundi.

Fedha zitatoka wapi?

Kwanza kwenu. Mfumo wa hisa unafaa: kila mtu ananunua hisa 1 hadi 5 kila kikao, sanduku lina kufuli 3, funguo zinashikwa na watu 3 ambao si mwenye sanduku. Kando ya hisa kuwe na mfuko wa jamii wa kiasi kidogo cha sawa kwa wote, wa nauli za kliniki na ugonjwa, usiotozwa riba. Kinachoua vikundi huku ni tarehe. Mkopo ukiiva Machi hakuna mwenye pesa. Ivisheni Novemba na Desemba korosho inapolipwa, na gawio lifanyike kabla ya ada za Januari.

Pili, mikopo ya halmashauri isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Inahitaji kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba na akaunti. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Katiba haina haja ya kutaja VVU. Jiandikeni wajasiriamali, kwa sababu ndivyo mlivyo.

TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, huangalia umaskini wa kaya, VVU peke yake havimwingizi mtu.

Mtoto wangu anameza dawa na hajui za nini. Nimwambie lini?

Kidogo kidogo, kuanzia anapoanza kuuliza, na ukweli wote kati ya miaka 6 na 12. Ukichelewa atausoma kwenye bango kliniki au atatukanwa nao shuleni, na hatakusamehe wewe.

Wa miaka 6 anaelewa hivi: "Mwilini una askari wanaokulinda. Kuna mdudu anapenda kuwapiga. Hii dawa inamlaza. Ukiacha, anaamka." Jina la mdudu lije baadaye, akishazoea habari yenyewe. Usimwambie ni dawa ya kifua. Uongo huo atautumia kuacha siku kifua kisipouma. Akiuliza aliupata wapi, mjibu bila kumlaumu baba yake mbele yake. Kisha mfundishe tofauti ya siri na aibu, na umtajie watu wawili anaoruhusiwa kuzungumza nao.

Anakwenda jandoni (au unyagoni). Dawa je?

Mila isiwe sababu ya kukata dawa. Mvulana atahiriwe hospitali au zahanati, kisha aingie kwenye mafunzo. Kisu cha kushirikiana ni hatari kwake na kwa wenzake. Kwa siku za kambini, hamisha muda wa dawa ulingane na saa chakula kinapopelekwa, na dawa ishikwe na mjomba au shangazi anayejua, ampe mkononi na amuone akimeza. Nyakanga hahitaji kuambiwa ni dawa gani. "Ana dawa zake za hospitali" yatosha. Anza kumhamisha saa wiki mbili kabla.

Kwa nini naitwa kupimwa saratani kila mwaka?

Mwanamke mwenye VVU ana uwezekano wa kupata saratani ya mlango wa kizazi takriban mara 6 ya asiye nayo. Kipimo cha siki huchukua dakika chache, na doa likionekana mapema hutibiwa bila kulazwa.

Nile nini? Na pombe?

Hakuna chakula cha VVU. Ugali wa muhogo peke yake haushibishi mwili, kwa hiyo usikose kunde, mbaazi, choroko au dagaa pembeni, na kisamvu au mtoriro. Mabibo mabichi yana vitamini C tele. Yakishakuwa uraka habari ni nyingine: uraka haugombani na kidonge, unagombana na kumbukumbu. Aliyelewa saa 12 jioni hamezi kitu saa 2. Anayejua atakunywa ameze kwanza.

Mganga au kiongozi wa dini ameniambia nimepona, niache dawa.

Maombi na kombe havigombani na kidonge. Kuacha ndiko kunakoua. Mwaka 2011 walikuwepo walioacha ARV baada ya kunywa kikombe cha Loliondo, na virusi vikarudi kupanda. Anayedai umepona mwambie utapimwa wingi wa virusi huku ukiendelea kumeza. Usipoviona, ni dawa imevilaza.

Nimepigwa au nimebakwa.

Kituo cha afya kwanza. Kama huna VVU, dawa za kuzuia maambukizi huanzwa ndani ya saa 72 na humezwa siku 28. Usioge kabla ya kuchunguzwa, na nguo weka kwenye karatasi, siyo nailoni. Fomu ya polisi, PF3, inaweza kufuata, matibabu hayaingoji. Kisha Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa mtoto piga 116, bure. Ushauri wa afya wa wizara ni 199, bure pia.

Kadi imelowa au imepotea. Nitakataliwa dawa?

Hapana. Nenda na ile namba uliyoinakili; faili lako liko kituoni na utaandikiwa kadi nyingine. Kama huna namba, watatafuta kwa jina ulilojiandikisha nalo, na hapo aliyetumia jina la bandia akalisahau atakaa benchi muda mrefu. Ukiwa mbali na kituo chako, nenda CTC iliyo karibu na kopo la dawa, hata tupu. Wataona dawa unayotumia, watapiga simu kituo chako, na utapewa za kukufikisha nyumbani.